Binti wa miaka 8, mdomo wazi umeshashonwa: vijino viwili kwenye mpasuko, ning'oe au nisubiri?

Tabibu_Buchosa

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya waliozoea kesi za mdomo wazi.

Binti ana miaka 8, kilo 20. Mpasuko kamili wa kushoto. Mdomo ulishonwa akiwa na miezi mitatu, kaakaa likafungwa kabla hajafikisha miaka miwili. Ufizi haujawahi kuguswa, mwanya bado upo, na nyuma ya mdomo wa juu kuna kitundu: akinywa maji kwa haraka yanatokea puani.

Kinywani nimekuta hivi. 11 (jino la mbele la katikati, juu kulia) iko sawa. 21 (mwenzake wa kushoto) imeota lakini imejizungusha, ubavu wake ndio unaotazama mbele, na karibu na ncha ina doa la kahawia lenye kishimo. Kwenye mpasuko kuna vijino viwili. Kimoja kimebanana na 21, chembamba kama punje ya mchele. Kingine kiko ng'ambo ya mwanya, kimeingia upande wa kaakaa. Kipi cha utoto na kipi cha ukubwani, sina uhakika. 63 (chonge ya utoto, juu kushoto) ipo na haitikisiki. 65 (gego la pili la utoto, juu kushoto) imeoza na inamsumbua usiku. Magego ya juu kushoto yanafunga kwa ndani ya yale ya chini.

Mama anataka "vile vibaya vyote" vitoke kabla shule hazijafunguliwa, maana wenzake wanamcheka. Bibi anasema doa ni la maji ya kisima, walikuwa Kwimba kabla ya kuhamia huku Sengerema. Kituoni nina kiti, koleo, ganzi na glasi ionoma (dawa ya kuziba meno) ya kuchanganya kwa mkono. Eksirei hatuna. Vile viwili ning'oe? Na hilo doa nilichukulieje?

Chonge23

Mkuu, pembezoni mwa mpasuko usiguse kitu kabla ya picha. 65 ina habari yake, nitaifikia.

Jino ndilo linaloshikilia mfupa. Ukingo wa mpasuko ni mfupa mwembamba mno, na uhai wake unategemea mizizi iliyomo. Ukitoa kijino kile kilichobanana na 21, ukingo hunywea, na mzizi wa 21 unabaki umefunikwa na ufizi tu upande wa mwanya. Daktari wa upasuaji atakayekuja kupandikiza mfupa anauhitaji ukingo huo. Akikuta umeisha, na 21 yenyewe iko hatarini.

Halafu hujui unachong'oa. Jino la pembeni, 22, chimbuko lake liko pale pale ambapo sehemu za uso wa mimba huungana ili kuufanya mdomo, kati ya wiki ya 4 na ya 7. Ndiyo maana kwa watoto hawa ndilo linaloharibika kuliko meno yote. Linaweza lisiwepo kabisa, likawa kijiti, au yakawa mawili, moja kila upande wa mwanya. Kwa hiyo kimoja kati ya hivyo viwili huenda ndicho 22 pekee atakachokuwa nacho maisha yake yote. Mara nyingi cha kutunzwa ni kile cha ng'ambo, upande wa chonge, kwa sababu kimekaa kwenye mfupa mnene zaidi. Mara nyingi, siyo kila mara.

Kuhusu umri, umemwona wakati mzuri sana. Mfupa wa ufizi hupandikizwa kabla 23 (chonge ya ukubwani) haijashuka, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 11, lakini usihesabu miaka. Hesabu mzizi wa chonge: ukishafika nusu mpaka theluthi mbili ya urefu wake, ndiyo wakati. Meno ya watoto hawa huchelewa, zaidi upande wenye mpasuko, kwa hiyo binti wa miaka 10 anaweza kuwa na chonge ya mtoto wa miaka 9. Mfupa laini huchukuliwa kwenye nyonga, hujazwa kwenye mwanya, kitundu cha puani hufungwa siku hiyo hiyo, kisha chonge hushuka ikipita ndani ya mfupa mpya na kuuimarisha. Mkichelewa mpaka chonge ichungulie kwenye mwanya mtupu, matokeo hushuka sana.

Kabla ya hapo, ikiwa taya limesinyaa kama unavyoeleza, hutanuliwa kwanza kwa waya wa kaakaa. Huchukua miezi kadhaa. Meno ya ziada yaliyo kwenye njia ya daktari hung'olewa wiki 6 hadi 8 kabla ya upasuaji, ili ufizi uwe umefunga na uweze kushonwa bila kupasuka. Kung'oa kupo, ila tarehe yake hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya upasuaji. Haipangwi na kufunguliwa kwa shule.

Na mtu yeyote asijaribu kuinyoosha 21 kwa waya sasa hivi. Imejizungusha kwa sababu imefuata mfupa uliopo. Ukiigeuza kabla ya kupandikiza, unausukuma mzizi wake uingie mwanyani.

Eksirei_Capripoint

Akivuka kuja mjini Mwanza, barua yako iombe picha tatu, siyo panorama (picha moja ya taya zote) peke yake.

Panorama ni ya kuhesabu. Angalia 25, 15, 35 na 45, maana baada ya 22, magego madogo ya pili ndiyo yanayokosekana zaidi kwa wenye mpasuko, hata upande usio na mpasuko. Kwa eneo la mbele panorama inadanganya: ukanda wake unaoonekana vizuri ni mwembamba, na vipande vya taya lililopasuka hukaa nje ya ukanda huo, tena kivuli cha uti wa shingo kinaangukia hapo hapo.

Ya pili ni picha ya kung'ata, filamu kubwa ikiwa mlalo kati ya meno, mtambo ukishuka kutoka kwenye daraja la pua kwa nyuzi 60 hadi 65. Hiyo ndiyo inayoonyesha upana wa mwanya na vijino vimekaa ukingo upi.

Ya tatu ni picha ndogo za 21 na 63, kila moja mara mbili, mtambo ukisogezwa pembeni kama nyuzi 20 kati ya ya kwanza na ya pili. Kijino kinachoonekana kuhama kuelekea ulikosogeza mtambo kiko upande wa kaakaa. Kinachohama kinyume kiko upande wa mdomo.

Kosa linalojirudia ni filamu kupinda. Kaakaa lenye kovu huwa la chini na gumu, filamu inakunjika pembeni, mzizi wa chonge unarefuka kwenye picha, na mtu anaandika kuwa umekamilika. Tumia filamu ya ukubwa wa mtoto na uweke kipande cha pamba kati yake na kaakaa. Picha ya CT waachie wapasuaji, mionzi yake ni mingi zaidi na kwa hatua hii haitabadilisha uamuzi wako.

Mama_Floraidi

Mimi nazungumzia doa.

Floraidi ya kwenye maji haichagui jino moja. Inaingia mwilini mzima, kwa hiyo meno yaliyojengeka kipindi kimoja hupata alama zinazofanana kushoto na kulia: 11 na 21, 16 na 26 (magego ya kwanza ya ukubwani), na ya chini pia. Huanza na mistari myeupe inayokata jino kwa mlalo, kahawia hufuata baadaye. Ukitazama 11 ikiwa safi na 21 peke yake ina kishimo, chanzo ni mpasuko wenyewe. Enameli (gamba gumu la nje) ya 21 huanza kujengeka mtoto akiwa na miezi 3 au 4. Huyu mdomo ulishonwa umri huo huo, milimita chache tu kutoka pale jino lilipokuwa linajengeka. Hata wasioshonwa huipata kasoro hiyo, kwa hiyo usimwambie mama kwamba daktari ndiye aliyeharibu.

Lakini bibi msimpuuze. Visima vya bara huku kwetu, Kwimba ikiwemo, ni vya kupimwa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya ziwa yenyewe yana floraidi kidogo. Magadi ya kupikia maharage nayo huongeza, na watu wengi hawaulizi. Safisha 11 na 16, zikaushe kwa pamba dakika moja, uzitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mistari pande zote mbili, ana vyote viwili.

Kishimo kizibe leo, usisubiri rufaa. Ni ile mbinu ya kuziba jino bila mashine, iliyoanzia hapa hapa Tanzania miaka ya 1980, huna haja ya umeme. Kwangua kilicholainika kwa kijiko cha mkono, kile kigumu cha kahawia kiache. Paka asidi laini sekunde 10 hadi 15, osha kwa pamba yenye maji mara mbili tatu, kausha. Kijiko kimoja cha unga kwa tone moja la maji yake, changanya ndani ya nusu dakika, jaza ingali inang'aa, bonyeza kwa kidole chenye vaselini. Asile kwa saa moja.

Ujue utasumbuliwa na unyevu. Kitundu kile kinaleta kamasi mpaka kwenye 21, tena mdomo wenye kovu haunyanyuki. Mpenge kamasi kwanza, mkalishe wima kidogo kuliko kawaida, weka pamba iliyoviringishwa juu ya 21 na nyingine kwenye kitundu. Ujazo wako ukidondoka baada ya wiki, sababu ni hiyo, wala siyo ubora wa dawa.

Vanishi ya floraidi asilimia 5 kila baada ya miezi mitatu. Dawa ya mswaki iwe na floraidi kati ya ppm 1,000 na 1,450, imeandikwa ubavuni mwa pakiti, atumie asubuhi na kabla ya kulala, ateme bila kusukutua. Mswaki wa kichwa kidogo, na mama ndiye anyanyue mdomo wa juu kwa kidole na kupiga mwenyewe upande wa mpasuko. Mtoto hawezi kufika pale. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na miwa visiwe vya kutafunwa kutwa nzima. Matobolwa hasa hunata kwenye mwanya na kukaa humo mpaka jioni.

Tabibu_Buchosa

Nashukuru sana. Nimemtazama tena: 11 na 16 hazina mistari. 65 ina kivimbe cha usaha kwenye ufizi, kwa hiyo naona inatoka tu. Ninachoogopa ni ganzi kwenye kaakaa lililoshonwa. Na kuna kitu kingine cha kuuliza kabla ya koleo? Halafu mama bado analilia jino la bandia.

Chonge23

65 yenye usaha itoe. Ukipata nafasi ya panorama kwanza, vizuri, ili ujue 25 ipo. Usipopata, maambukizi hayasubiri. Andika kwenye barua kuwa umeitoa na tarehe, kwa sababu 26 itaanza kusogea mbele, na kwa taya lililosinyaa upande huo, kila milimita ina thamani. Kishikilia nafasi usitengeneze sasa, kitagombana na waya wa kutanua.

Ganzi: upande wa shavu hakuna tofauti. Upande wa kaakaa ndiko kwenye tabu. Wengi hufungwa kaakaa kwa mikato miwili inayopita sambamba na magego, upande wa ndani, kwa hiyo kovu liko hasa pale unapozoea kuchoma. Kovu halipanuki. Ukisukuma kwa nguvu, dawa inarudi nje au ufizi unakuwa mweupe pe na kufa kipande. Choma shavuni, subiri dakika 5, kisha pitisha sindano kwenye ufizi ulio kati ya jino na jino, ukielekea kaakaani, tone kwa tone. Mara nyingi hiyo inatosha kwa jino la utoto.

Kipimo: lidokeini ni miligramu 4.4 kwa kilo. Kilo 20 ni miligramu 88. Katriji ya mililita 1.8 ya asilimia 2 ina miligramu 36, kwa hiyo kikomo chako ni katriji mbili, na moja inakutosha.

Kabla ya koleo uliza moyo. Wenye mpasuko huzaliwa na kasoro za moyo mara nyingi kuliko watoto wengine, na mama anaweza asitaje kwa kuwa hakuulizwa. Uliza kama midomo huwa ya bluu, kama huchoka akicheza, kama alishawahi kuambiwa ana tundu. Mwenye kasoro ya kumfanya awe wa bluu ambayo haijarekebishwa, mwenye vali ya bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, hupewa amoksilini miligramu 50 kwa kilo, nusu saa hadi saa moja kabla. Kwake ingekuwa gramu 1. Asiye na hayo kwa kawaida hahitaji. Ukiwa na shaka, mtume akasikilizwe kwanza.

Mtazame pia mdomo wa chini. Ukikuta vishimo viwili vidogo, kimoja kila upande wa katikati, vyenye unyevu, hiyo ni sindromu ya Van der Woude. Humaanisha meno yanayokosekana ni mengi zaidi, na kila mtoto atakayezaa ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Liandike, hilo ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Rufaa nenda hospitali ya Bugando, Mwanza, siyo kliniki ya kung'oa tu. Barua iseme: mpasuko wa upande gani, ufizi haujapandikizwa, kitundu kipo, meno yaliyopo kwa namba, vijino viwili havijang'olewa kwa makusudi, 65 imetolewa, magego ya kushoto yanafunga kwa ndani. Neno "kwa makusudi" lisikose, la sivyo atakayempokea ataviona na kuvitoa.

FundiPlasta

Kuhusu bandia: inawezekana, bamba la akriliki lenye jino moja, ila kipimo chake ndicho kinachoumiza watu. Alijineti (uji wa kuchukulia chapa ya meno) ikipenya kwenye kitundu, inaganda puani, ukivuta trei inakatika na kipande kinabaki juu. Ziba kitundu kwanza kwa shashi iliyopakwa vaselini, ndogo, iliyofungwa uzi wa meno mrefu unaotoka nje ya mdomo. Isipite ndani, ikae usawa wa kaakaa. Alijineti changanya nzito kidogo, trei isijae, anza kukandamiza nyuma kuja mbele, mtoto ameketi wima kichwa kimeinama mbele kidogo. Baada ya kutoa, hesabu shashi.

Kwenye modeli jaza kitundu kwa plasta kabla ya kupika akriliki. Bamba halitakiwi kuingia kitunduni hata kidogo, linafunika tu. Likiingia linachubua na kukipanua. Waya za kushikia, milimita 0.7, ziwekwe kwenye 16 na 26. Usiweke waya kwenye 21 wala kwenye vijino: mfupa wao ni mdogo, kila akitafuna bamba linavitikisa. Sehemu ya mbele ya akriliki ipande juu ya ufizi kujaza bonde la mwanya, inanyanyua na mdomo kidogo, mama ataona tofauti hapo kuliko kwenye jino lenyewe.

Mama_Floraidi

FundiPlasta, kazi safi, lakini kwa binti huyu naona ni hela ya mama inayopotea. Waya wa kutanua ukiingia, bamba halikai tena. Na bamba linalolala na mtoto asiyepiga mswaki vizuri litaiozesha 16 na 26.

FundiPlasta

Kama waya unaingia ndani ya miezi mitatu, nakubali, asitengenezewe. Foleni ikiwa ndefu kuliko hapo, mtoto anayechekwa mwaka mzima naye ana hoja. Atengenezewe, alivue usiku, lisuguliwe kwa sabuni na lilale kwenye maji, na liangaliwe kila baada ya miezi sita kwa sababu taya linakua na waya zitaanza kubana.

Muuguzi_Nansio

Samahani kuingilia. Wodi ya wazazi Ukerewe: kichanga wa siku mbili, mpasuko wa pande zote mbili, ana jino limetokeza kwenye kipande cha katikati. Bibi wa mtoto anasema ni kigego, jirani anasema ni meno ya plastiki yakatolewe kwa mganga. Nifanye nini?

Mama_Floraidi

Kwa mganga asiende hata kidogo. Wakichokoa ufizi kwa kitu chenye ncha wanaharibu na vichipukizi vya meno ya ukubwani vilivyo chini, mbali na damu na maambukizi. Jino la kuzaliwa nalo ni jambo linalojulikana kwa mpasuko wa pande mbili, na mara nyingi ni lile lile jino la utoto limewahi tu, siyo la ziada. Waeleze hivyo, wote wawili wakiwepo.

Ligusie kwa kidole chenye glavu. Likiwa limeshika, liache. Likiwa linaning'inia kiasi cha kuweza kudondoka na kuingia kwenye njia ya hewa, au linakata ulimi, litolewe hospitali. Kabla ya hapo hakikisha alipata vitamini K alipozaliwa, miligramu 1 kwenye paja. Kama hakupata, apewe kwanza, au isubiriwe mpaka apite siku 10 ikiwa jino si la haraka.

Kunyonya ndiko kunakotangulia kuliko jino. Mpasuko wa kaakaa haumruhusu kuvuta maziwa, hata mama akiwa na maziwa tele. Mama akamue, mtoto alishwe kwa kikombe kidogo au kijiko akiwa ameketi karibu wima, kidogo kidogo, acheuliwe mara nyingi kuliko kichanga wa kawaida, na apimwe uzito kila wiki. Ili mdomo ushonwe atatakiwa awe na wiki 10 hivi, kilo 4.5 na damu isiyopungua gramu 10. Anayekwama kwenye kilo ndiye anayesubiri miezi mingi.